Jibu la "Huna Malaria" Lina Bei. Nani Anailipa?

Simama robo saa kwenye duka la dawa la mtaani, iwe Mbagala, Ifakara au Urambo, utasikia ombi moja likija kwa sauti nyingi. "Dokta, nipatie mseto wa mtu mzima," yaani dawa ya malaria. Anayeitwa dokta mara nyingi ni muuguzi aliyestaafu au binti aliyesomea kozi ya watoa dawa, lakini mtaani hicho ndicho cheo chake. Mwingine hataji dawa, anausimulia mwili wake: kichwa kinagonga, viungo vimelegea, usiku alitetemeka, mdomo mchungu. Mdomo mchungu ukishatajwa, kwa wengi wetu shauri limekwisha. Ni malaria, imebaki dawa.

Muuzaji akisema, "Pima kwanza, kuna kipimo cha dakika ishirini," mteja anauliza bei. Akitajiwa, anakunja uso. "Nilipie kupima halafu nilipie na dawa? Malaria yangu naijua."

Wengi wetu tunaoandika kuhusu afya tumelichukua jibu hilo kuwa ni ujinga, na ujinga dawa yake ni elimu. Redio zikapiga matangazo, zahanati zikabandika mabango: siyo kila homa ni malaria. Ujumbe ni wa kweli na umewafikia watu. Muulize mteja huyo huyo, atakuimbia. Ila bado hatoi hela ya kipimo. Nami nimefika mahali pa kuamini kwamba mtu huyu si mjinga hata kidogo. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko mahubiri yetu.

Tuipige naye. Tuseme, kwa mfano tu, dozi ya mseto inauzwa shilingi 2,000 na kipimo shilingi 1,500. Asiyepima anatoa 2,000 na kuondoka na dawa mkononi. Aliyepima akakutwa nayo anatoa 3,500 na kuondoka na dawa ile ile. Aliyepima akaambiwa hana anatoa 1,500 na kuondoka mikono mitupu, homa ikiwa palepale ilipokuwa. Ukiwa na elfu mbili mfukoni na kesho una kibarua, utachagua kuwa nani kati ya hao watatu?

Hesabu hiyo inabadilika ukihama mkoa. Chukua wateja 10 wenye homa mahali ambapo mmoja tu ndiye mwenye malaria. Kuwapima wote na kumuuzia dawa yule mmoja ni shilingi 17,000. Kuwauzia wote bila kupima ni 20,000. Kupima kunaokoa. Sasa nenda mahali ambapo watano kati ya hao 10 wanayo. Kuwapima wote na kuwatibu watano ni shilingi 25,000, dhidi ya zile zile 20,000. Hapo kupima kunaongeza gharama. Na Tanzania ni nchi ya aina zote mbili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta malaria kwa takriban asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka 5, kutoka asilimia 18 hivi mwaka 2008. Ndani ya wastani huo, Tabora ilivuka asilimia 20, Arusha na Kilimanjaro zilikuwa chini ya asilimia 1. Hao ni watoto waliopimwa majumbani, si wagonjwa waliosimama mbele ya kaunta, lakini tofauti inaonekana. Mteja wa Urambo, huko Tabora, anayekataa kupima na mteja wa Moshi, huko Kilimanjaro, anayekataa kupima hawafanyi kosa moja, ingawa bango wanalosomeshwa ni moja.

Hata huko Moshi, akiba ninayoisema inapatikana kwa sharti moja gumu: wale tisa walioambiwa hawana wakubali, warudi nyumbani bila kununua kitu. Sharti hilo ndilo kiini cha jambo lote. Mtu akilipia "unayo" anapata dawa juu yake. Akilipia "huna" anapata nini?

Kwa nini basi tujisumbue na kipimo? Kwa sababu kubahatisha kwetu ni kubaya kuliko tunavyodhani. Kati ya 2007 na 2008, hospitali mbili za Moshi zilifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Madaktari waliandika malaria kwa 528. Vipimo makini vilipofanyika, wenye malaria walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya damu, homa zinazotokana na mifugo na panya, na mengineyo ambayo mseto hauyagusi. Dar es Salaam na Ifakara, watafiti waliwachunguza watoto 1,005 waliofika kliniki na homa; matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha kwamba mwenye malaria ni mmoja katika kila kumi hivi, huku zaidi ya nusu wakiwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakitokana na virusi. Kama daktari aliye wodini anaweza kukosea hivyo, mdomo mchungu utatuambia nini?

Na kukosea huko si upotevu wa elfu mbili peke yake. Mtoto mwenye nimonia aliyepewa mseto Jumatatu anaweza kufika hospitali Alhamisi akiwa anahema kwa mbavu. Siku hizo tatu hazirudi. Dengi ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, dalili zake zilifanana kabisa na zile ambazo mtu wa pwani amezoea kuziita malaria. Mgonjwa akinunua mseto pamoja na diklofenaki ya maumivu, ile diklofenaki inaweza kumwongezea hatari ya kutoka damu. Aliyefanya hivyo hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho sote tulifundishwa nyumbani enzi za klorokwini, pale ambapo kila homa ilikuwa malaria na kujikuna mwili mzima baada ya kumeza vidonge ilikuwa dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Sasa tuingie nyuma ya kaunta, maana huko ndiko tunakotazama kidogo mno.

Maduka ya dawa muhimu, yaani DLDM, yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yakaenea nchi nzima kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita dawa baridi. Yalikusudiwa kumpa mtu wa kijijini dawa halali kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Mwenye duka ana pango, ana leseni, ana kodi, na faida yake inatoka kwenye kitu kimoja tu: dawa inayouzwa. Umwombe apime. Atahitaji glovu, spiriti, pamba, kitoboleo, kasha la kutupia vyenye ncha, na mahali pa kumkalisha mtu kwa dakika 15 hadi 20. Wateja wengine wanasubiri, au huyo anayepimwa anasema "narudi sasa hivi" na harudi. Mwishoni kijistari kikitokea kimoja, yaani malaria hakuna, muuzaji amepoteza mauzo kwa mkono wake mwenyewe. Na duka la jirani, hatua thelathini tu, linauza mseto bila swali.

Ndiyo maana wauzaji wengi, hata wale wanaokisifia kipimo kwa dhati, huuliza swali ambalo wataalamu hulipita haraka: asipokutwa nayo, nimuuzie nini? Na jibu huwa lipo kwenye rafu. Amoksilini ipo. Dawa "ya UTI" ipo. Mteja hawezi kutoka mikono mitupu, na muuzaji hataki atoke hivyo, kwa hiyo wote wawili wanaelewana bila kuambizana. Uchambuzi uliotoka mwaka 2017, uliokusanya tafiti kutoka nchi kadhaa za Afrika na Afghanistan, ulionyesha jambo hilo hata kwenye vituo vya afya: kipimo kilipoingia, dawa za malaria zilipungua na antibiotiki zikapanda. Tumeziba tundu moja la ndoo, maji yakatokea jingine.

Kuna anayesema, mbona zahanati ya serikali inapima bure? Kweli, na serikali imetangaza mara nyingi kwamba kipimo cha malaria na mseto havilipiwi kwenye vituo vyake. Lakini aliyesimama mbele ya kaunta saa mbili usiku zahanati anaijua. Ameshahesabu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, foleni ya asubuhi, siku ya kazi itakayopotea, na uwezekano wa kuambiwa vifaa vimeisha. Ukijumlisha hayo, kile cha bure kinaweza kuzidi elfu moja na mia tano. Duka la dawa halipo kwa sababu watu hawapendi zahanati. Lipo kwa sababu liko karibu, liko wazi, na anayehudumu anajua jina la mtoto wako.

Bei, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni imani, na kwa maoni yangu ndiyo nusu nzito.

Tumezoea kipimo kinachohesabu. Mtu akirudi kutoka maabara anaulizwa nyumbani, "Wamekukuta na wangapi?" naye anajibu, wadudu wawili, wadudu watano, na kila mtu anapima ukubwa wa ugonjwa kwa namba ile. Kipimo cha haraka hakisemi wangapi. Kinasema ndiyo au hapana, kwa mistari, kama kile cha mimba. Kwa macho ya aliyezoea hadubini, kitu kisichojua kuhesabu kitajuaje kuona? Halafu kuna imani iliyokomaa kabisa kati yetu kwamba malaria hujificha. Ukiambiwa huna, maana yake haijatokea bado. Imani hiyo haikutoka hewani. Wengi wetu tuna ndugu aliyeambiwa hawajaona kitu, akaambiwa baada ya siku mbili anayo.

Kipimo chenyewe nacho kina ukweli wake ambao hatuuelezi dukani. Vingi tunavyovitumia vinatafuta protini inayoachwa na vimelea kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita, akapata mafua na kupima, anaweza kuonekana anayo. Atauziwa dozi nyingine ambayo haihitaji. Swali moja tu la muuzaji, "Umetumia mseto lini mara ya mwisho?", lina thamani sawa na kipimo chenyewe. Swali hilo halina bei kwenye duka, na kisicho na bei dukani husahaulika.

Kuna pia woga wa damu. Nchi iliyokulia kwenye hadithi za mumiani haimpi mtu damu hivi hivi. Tone linakwenda wapi? Je, wananipima na ukimwi bila kuniambia? Ukiwa kwenye benchi la duka, macho ya wapita njia yakikutazama, maswali hayo ni ya haki na yanastahili kujibiwa kabla kidole hakijatobolewa.

Zaidi ya yote kuna shaka ambayo mteja haisemi kwa sauti: mwenye kipimo ndiye mwenye dawa. Akinikuta nayo, anauza. Asiponikuta, anapoteza. Kwa nini nimwamini akisema ninayo? Hili ni swali la busara kabisa, na jibu lake tunalo mkononi bila kulitumia. Tofauti na hadubini, ambayo lazima umwamini aliyeiinamia, kipimo hiki kinasomeka na yeyote. Mstari kwenye C maana yake kipimo kinafanya kazi. Mstari wa pili kwenye T maana yake malaria ipo. C isipotokea, kipimo kimeharibika na mteja hapaswi kukilipia. Muuzaji akikiweka mbele ya mteja, akamweleza hayo kwa dakika moja, akamwacha akitazame mwenyewe mpaka muda utimie, shaka nyingi hufa hapohapo. Kukipeleka chumba cha nyuma na kurudi na jibu la mdomo ni kuitupa nguvu kubwa kuliko zote za kipimo hiki.

Majirani zetu wameshatuonyesha jinsi bei na imani zinavyokwenda. Magharibi mwa Kenya, watafiti walifanya jaribio kwenye maduka ya dawa ambalo matokeo yake yalichapishwa 2015. Dawa ya mseto iliposhushwa hadi shilingi 40 za Kenya kwa dozi ya mtu mzima, zaidi kidogo tu ya nusu ya walioinunua ndio waliokuwa na malaria. Bei ilipokuwa shilingi 100, wenye malaria kati ya wanunuzi walikaribia robo tatu. Ndipo walipoleta kipimo cha bei ndogo sana, na zaidi ya asilimia 80 ya kaya zilizofika dukani zikakubali kupima. Sijui kama kuna jibu zuri zaidi kwa wanaosema wateja hawataki kupima. Wanataka. Ila karibu nusu ya watu wazima na watoto wakubwa walioambiwa hawana malaria walinunua dawa hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Kipimo kilishuka bei, "huna" ikabaki haina kitu nyuma yake.

Uganda, kule Mukono, mambo yalikwenda vizuri zaidi. Wauzaji wa maduka yaliyosajiliwa walifundishwa, wakasimamiwa, wakauza kipimo kwa bei nafuu. Karibu kila mteja aliyeshauriwa apime alikubali, na zaidi ya nusu walikutwa nayo. Kwenye maduka yaliyopima, wateja saba kati ya kumi hivi walipata matibabu yanayowafaa; kwenye yasiyopima, mmoja kati ya watatu. Ninachokiona hapo ni uzito wa neno la muuzaji. Mteja anayemwita dokta atamfuata dokta, mradi dokta mwenyewe awe na sababu ya kusema "pima".

Na hapa ndipo ninapogombana na sera zetu. Miaka ya 2010 na 2011, fedha za dunia zilishusha bei ya mseto kwenye maduka ya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine chache, zile pakiti zenye nembo ya jani la kijani. Lilikuwa jambo jema, dawa bora ikamfikia maskini. Lakini kipimo kiliachwa kijitegemee sokoni. Matokeo yake dawa ikawa rahisi, kujua kama unaihitaji kukawa ghali. Wakati huohuo, tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kila homa ipimwe kabla ya dawa. Mkono mmoja ulimwambia mteja apime, mwingine ukamlipa asipime.

Faida ya mtu mmoja kupima haiishii kwake. Klorokwini tuliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea viliizoea. SP, dawa nyingine ya malaria, ikashika nafasi yake, ikadumu miaka mitano tu kama dawa ya kwanza, nayo ikashindwa. Mwishoni mwa 2006 ukaja mseto. Sasa vimelea vinavyoanza kustahimili artemisinini, kiungo kikuu cha mseto, vimethibitishwa Rwanda na Uganda, na kwetu vimeonekana Kagera. Kila dozi inayomezwa bila sababu ni mazoezi ya bure kwa vimelea. Mteja wa Bukoba, huko Kagera, anayekubali kuondoka bila mseto anamlinda mtoto wa Mtwara ambaye hatamwona maishani. Huyo mteja tunamtoza 1,500 kwa wema huo. Hapana, hiyo si haki, na haitakuja kufanya kazi hata tukibandika mabango mpaka ukutani pakose nafasi.

Ninachokitaka ni kwamba bei ya "huna" ilipwe na wote wanaofaidika nayo. Ruzuku iliyokuwa ikiingia kwenye dawa pekee iingie kwenye kipimo, na muuzaji alipwe ujira mdogo kwa kila kipimo alichokifanya vizuri, jibu liwe lolote. Hapo ndipo mstari mmoja utakapoacha kuwa hasara kwake. Aliyekutwa na malaria akatwe hela ya kipimo kwenye bei ya dawa, asilipe mara mbili. Magharibi mwa Kenya walijaribu jambo la namna hiyo kwa kuponi, mhudumu wa afya ya jamii akimpima mtu na kumpa punguzo la mseto akikutwa nayo, na watu wakapima zaidi. Najua kuna hatari. Ujira kwa kila kipimo unaweza kuzaa vipimo vya kwenye karatasi, na Baraza la Famasi, msimamizi wa maduka haya, halina macho kila kijiji. Lakini leo hii tunalipia uongo mkubwa zaidi, ule wa kumwandikia malaria kila mwenye homa.

Kwa aliyeambiwa hana, kuna kitu kidogo ambacho kingebadilisha mengi. Muuzaji amwandikie cheti: tarehe, saa, jibu la kipimo, joto la mwili, dawa alizokwisha kumeza, na dalili ambazo akiziona usiku asingoje kukuche, kama mtoto kuhema haraka, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu au degedege. Zahanati ikubali cheti hicho. Mama akifika nacho asubuhi asiambiwe aanze upya kwenye foleni ya kupima malaria. Aingie moja kwa moja kwa tabibu, maana swali la kwanza limeshajibiwa jana yake usiku na yeye ndiye aliyelilipia.